MWALIMU MTUNZI: UHAKIKI WA SOMO LA KUREKODIWA, KWA KUITAZAMA UKUNDA

1. Utangulizi

Mwezi Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na yaliyosalia yakasubiri hadi Januari 2021. Katika mji wa Ukunda, pwani ya kusini, pigo hilo lilikuwa maradufu. Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 watu walikatazwa kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa, na hoteli za Diani, ambazo ndizo tegemeo la nyumba nyingi za mji huo, zikakosa wageni. Katika kipindi hicho Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya ilirusha masomo kwa redio na runinga. Pamoja na hayo, walimu wengi nchini walianza kujitungia masomo yao wenyewe. Waliyarekodi kwa simu zao za mkononi, wakachanganya sauti, picha na maandishi, kisha wakayatuma kwa wanafunzi kwa WhatsApp au kuyaweka YouTube. Shule zilipofunguliwa, desturi hiyo haikufa.

Masomo ya namna hii yamekwisha kujadiliwa sana, lakini aghalabu yamejadiliwa kama suala la vifaa: simu ngapi, umeme upo au haupo, mtandao una kasi gani. Hayo ni maswali ya haki. Hata hivyo yanaacha swali moja ambalo ni la wahakiki na wanaisimu kuliko la mafundi. Somo la kurekodiwa ni utungo. Lina mtunzi, lina hadhira, lina lugha na lina umbo. Ikiwa shairi, tamthilia na hata barua huhakikiwa, hapana sababu utungo huu, ambao vijana wengi wa Kenya huenda wakausikiliza mara nyingi kuliko wanavyofungua diwani yoyote, uachwe bila mhakiki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba thamani ya somo lililotungwa na mwalimu mwenyewe haitokani na ung'avu wa picha zake, bali inatokana na jinsi mtunzi anavyoijua hadhira yake. Pindi mwalimu wa Ukunda anapoiga sauti na mifano ya mbali, anaipoteza ile sababu iliyomfanya atunge yeye badala ya kumwachia mtu mwingine. Mifano ya masomo itakayotolewa si ya mwalimu fulani. Imeundwa kwa ajili ya hoja. Ukweli wa lugha uliomo katika mifano hiyo, hata hivyo, si wa kubuni.

2. Mwalimu mtunzi si mgeni katika pwani

Wako wanaoliona jambo hili kuwa jipya kabisa, na wengine kuwa limeletwa pamoja na simu. Historia ya pwani inawakanusha. Utenzi wa Kiswahili, tangu zamani, ulikuwa chombo cha kufundishia. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, alikuwa mama na mwalimu kwa pamoja. Alichagua bahari inayokaririka kwa sababu alitaka somo lake likae moyoni mwa msikilizaji. Umbo la utungo lilitumikia kazi ya mafunzo.

Mfano ulio karibu zaidi na zama hizi ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Alipoona kwamba vijana wa Kiislamu wa pwani hawana maandishi ya kuwafaa kwa lugha yao, hakungoja mchapishaji wa ng'ambo. Mwaka 1930 alianzisha karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Tena aliandika vitabu vidogo vya kufundishia dini kwa Kiswahili. Mtu anaweza kuafikiana naye au kutoafikiana naye kwa alichofundisha. La kuzingatiwa hapa ni kwamba aliona pengo, akaijua hadhira, akatumia chombo kilichopatikana kwa bei aliyoimudu. Hizo ndizo sifa tatu za mwalimu mtunzi wa leo.

Baada ya uhuru mkondo ulibadilika. Utunzi wa masomo ulihamia katika makao makuu. Kenya ilikuwa na vipindi vya redio vya shule, na kati ya 1982 na 1985 ukafanyika mradi mashuhuri wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Tanzania nayo, mwaka 1973, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza viliunganishwa na kuwafikia watu wapatao milioni mbili. Kazi hizi zilikuwa kubwa na haifai kuzidharau. Lakini katika zote mtunzi aliketi mbali na msikilizaji, na mwalimu wa darasani au kiongozi wa kikundi alibakia kuwa mshika redio. Mwelekeo huo uliendelea hata mwaka 2016, serikali ya Kenya ilipoanza kugawa tabuleti katika shule za msingi za umma. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa, vikiwa vimekwisha kujazwa masomo. Mwalimu alipokea sanduku lililojaa. Hakupokea sanduku tupu na kalamu.

Kwa hiyo kilichotokea mwaka 2020 ni kurejea kwa desturi ya kale kwa chombo kipya. Mwalimu amerudishiwa utunzi. Swali ni iwapo ameutambua.

3. Sauti na lafudhi

Kitabu kilichochapishwa hakina lafudhi. Mwanafunzi wa Ukunda, wa Busia na wa Garissa husoma maneno yale yale, kila mmoja akiyatamka kwa namna yake kimoyomoyo. Somo la kurekodiwa haliwezi kujificha hivyo. Mara mwalimu anapofungua kinywa, msikilizaji anajua ametoka wapi. Hapo ndipo suala la zamani la Usanifishaji, ambalo wengi walidhani limekwisha, linapofufuka.

Inajulikana kwamba mkutano wa mwaka 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa, yaani ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni kwa mtu atokaye Ukunda. Kimvita, ambacho Krapf alikuwa amekitegemea katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, kikawekwa kando. Lahaja za kusini zaidi, kama vile Kivumba cha Wasini na Vanga na Chichifundi cha upande wa Shimoni, hazikuwa hata na mtetezi katika mjadala ule. Tahajia iliyokubaliwa iliacha tofauti kadhaa za matamshi ambazo wenyeji wa pwani wanazo. Paa la nyumba na paa mnyama huandikwa sawasawa, na kaa la moto na kaa wa baharini huandikwa sawasawa. Lakini katika kinywa cha Mmvita neno la pili katika kila jozi hutoka na mpumuo ambao la kwanza halina. Maandishi yalizizika tofauti hizo. Rekodi inaweza kuzifukua.

Lakini mara nyingi haizifukui. Kosa la kwanza la somo la kurekodiwa, kwa jinsi linavyosikika leo, ni kile kinachoweza kuitwa sauti ya kukodi. Mwalimu ambaye darasani huzungumza kwa utulivu, akicheka na kutania, mbele ya simu hugeuka mtangazaji. Sauti hupanda, maneno hunyooshwa, salamu huwa ndefu kama za kipindi cha redio, na lafudhi ya kwao hufichwa kama nguo iliyotoboka. Wengine huchanganya Kiingereza pasipo haja, kwa kudhani kwamba chombo cha kisasa kinadai lugha ya kisasa. Tabia hii si udhaifu wa mtu binafsi. Ni matokeo ya miaka mingi ambayo mwalimu alifundishwa kwamba sauti yenye mamlaka hutoka katika mji mkuu, na kwamba yeye ni mfereji tu wa kuipitishia.

Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi anayemsikia mwalimu wake akiikimbia lafudhi yake mwenyewe hujifunza somo la pili ambalo halikuandikwa katika silabasi: kwamba Kiswahili cha kweli hakizungumzwi kwao. Na hii ni pwani, mahali ambapo lugha yenyewe ilizaliwa.

4. Chidigo na Kiswahili: somo ambalo kitabu cha Nairobi hakiwezi kulitunga

Ukunda ni mji wa watu wengi. Wapo Wadigo, ambao ndio wenyeji. Wapo Waduruma, Wakamba na wengine wa bara waliovutwa na kazi za hoteli na biashara. Hata hivyo kwa wanafunzi wengi wa Ukunda na vijiji vinavyouzunguka, Chidigo ndiyo lugha ya nyumbani. Lugha hiyo na Kiswahili ni za jamii moja ya Kisabaki, na ukaribu wao ndio unaoleta ugumu. Lugha mbili zilizo mbali hazichanganyiki kwa urahisi. Zilizo ndugu huingiliana mlango kwa mlango.

Achukuliwe mwalimu anayetaka kutunga somo la dakika kumi kuhusu matamshi na maumbo ya nomino. Akifuata kitabu cha kiada, ataorodhesha ngeli na kutoa mifano iliyokwisha kutolewa. Akiijua hadhira yake, ataanza kwingine. Ataweka neno la Chidigo na la Kiswahili bega kwa bega: dzina na jina, madzi na maji, mudzi na mji. Ataacha wanafunzi wagundue wenyewe kwamba pale Chidigo penye dz, Kiswahili kina j. Kisha ataweka njira na njia, mvula na mvua, nao wataona kwamba Chidigo kimehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili kimeiangusha. Kisha mutu na mtu, atu na watu, na mwisho jina lenyewe la lugha: Chidigo kwa wenyewe, Kidigo kwa Waswahili. Kwa mifano isiyozidi kumi, mwanafunzi amefundishwa isimu linganishi, na amejua kwamba lile aliloambiwa ni kosa la uzembe ni kanuni ya lugha nyingine.

Faida ya somo hili si ya kisarufi peke yake. Mwanafunzi aliyezoea kusahihishwa kwa wino mwekundu kila anapoandika kwa mazoea ya Chidigo hupata sababu badala ya aibu. Ataendelea kuandika jina na maji katika mtihani, kwa kuwa mtihani ni wa Kiswahili. Lakini atafanya hivyo kwa kujua anavuka mpaka kati ya lugha mbili timamu.

Na hapa sauti ni ya lazima. Chidigo ni lugha ya toni, kama alivyoonyesha Charles Kisseberth katika uchambuzi wake wa mwaka 1984, ilhali Kiswahili hutegemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa ubao na chaki ikaeleweka. Inataka kusikika, na kusikika tena. Mwanafunzi anayeweza kuirudisha rekodi nyuma mara tano ana kitu ambacho darasa la wanafunzi hamsini haliwezi kumpa. Basi ukichungua vizuri, somo hili halingeweza kutungwa na mtu wa makao makuu asiyejua Chidigo, wala lisingefaa kurushwa nchi nzima. Udogo wa hadhira yake ndio uhai wake.

5. Umbo: sauti, picha, maandishi na kimya

Somo la kurekodiwa huunganisha njia tatu, nazo zina kanuni zake. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya kujifunza kwa njia hizi zilizochanganywa, ameonyesha kwamba mtu hujifunza vyema kwa maneno na picha pamoja kuliko kwa maneno peke yake. Kwamba mapambo yasiyohusiana na mada humpotosha. Na kwamba kumsomea mtu kwa sauti maneno yale yale yaliyoandikwa mbele yake, huku pana picha ya kutazamwa, humlemea badala ya kumsaidia.

Kwa vipimo hivi, masomo mengi yana dosari zinazofanana. Muziki hupigwa chini ya maelezo. Maua na nyota huruka pembeni mwa kioo. Mwalimu huweka ukurasa uliojaa maandishi, kisha akausoma neno kwa neno. Hiyo si picha; ni ubao uliopigwa picha. Hata hivyo kanuni za kigeni zisichukuliwe kama aya. Mayer mwenyewe anakubali kwamba kanuni ya kutorudia maneno hulegea msikilizaji anapokuwa si mzawa wa lugha inayotumika. Kwa mtoto wa Ukunda anayejifunza kutofautisha mudzi na mji, kuliona neno na kulisikia kwa wakati mmoja si ziada. Ndilo somo lenyewe. Mwalimu mtunzi anatakiwa aijue kanuni, na aijue pia hadhira inayomruhusu kuivunja.

Kuna kipengele cha nne ambacho husahaulika, nacho ni kimya. Fanani wa pwani akianza ngano hatamki tu neno lake akaendelea. Husema "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" Bila jibu hilo hadithi haijaanza. Mradi wa redio wa miaka ya 1982 hadi 1985 ulilitambua jambo hili kwa njia yake: vipindi viliachwa na nafasi ili watoto wajibu kwa sauti kabla redio haijaendelea. Somo la kurekodiwa la leo, kinyume chake, hukimbia kama linalofukuzwa. Mwalimu huuliza swali na kulijibu kwa pumzi moja. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza kwamba redio na runinga zimeleta usimulizi wa pili, unaofanana na ule wa kwanza lakini umejengwa juu ya maandishi. Usimulizi huo wa pili utakuwa na roho ya ule wa kwanza endapo tu utaikumbuka nafasi ya mwitikiaji. Sekunde nane za kimya baada ya swali hazigharimu chochote, nazo humgeuza msikilizaji kuwa mshiriki.

Kuhusu gharama, hesabu ndogo inatosha. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kwa mazungumzo, itachukua takriban megabaiti 1.2 kwa dakika kumi. Picha zitembeazo za megabiti moja kwa sekunde zitachukua takriban megabaiti 75 kwa muda huo huo, yaani zaidi ya mara sitini. Tofauti hiyo hulipwa na mzazi. Nyumba ambayo simu ni moja, nayo huondoka alfajiri pamoja na mama anayekwenda kazini hotelini na kurudi usiku, haiwezi kupokea somo kama nyumba yenye simu tatu na mtandao wa kudumu. Kwa hiyo uteuzi wa umbo si suala la ujumi peke yake. Ni suala la tabaka. Mwalimu anayechagua sauti na picha mbili zilizotulia badala ya sinema ya dakika kumi amekwisha kuamua ni nani atakayefikiwa. Utungo uliofinywa na ufukara si lazima uwe duni: shairi la mizani nane nalo limefinywa.

6. Fasihi: mwongozo dhidi ya kitabu

Hakuna eneo ambalo masomo haya yameenea kama uchambuzi wa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne. Chozi la Heri, Kigogo na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine vilipokuwa vitabu teule, na baadaye Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine vilipochukua nafasi zao, rekodi za uchambuzi zilimiminika. Nyingi zina sura moja: muhtasari, wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za lugha, maswali na majibu.

Lawama hapa haiwezi kuwa kwamba walimu wanachambua. Kuchambua ni kazi yao. Lawama ni kwamba uchambuzi unatolewa bila kitabu kusikika ndani yake. Mwanafunzi anaambiwa mhusika ni mwenye tamaa, anaandika "mwenye tamaa" katika daftari, na kamwe haisikii sentensi iliyomwonyesha tamaa hiyo. Mwongozo uliochapishwa ulikuwa na kosa hili zamani. Rekodi imeliongezea mvuto, kwa sababu sauti ya mwalimu hushawishi kuliko karatasi. Matokeo yake ni wasomaji wanaojua hukumu bila kuijua kesi.

Dawa iko katika chombo chenyewe. Rekodi inaweza kufanya kile ambacho mwongozo wa karatasi hauwezi: kumwelekeza mwanafunzi afungue ukurasa fulani wa nakala yake, kumpa kimya ausome, kisha kumuuliza ameona nini kabla ya mwalimu kusema neno. Somo la namna hiyo halichukui nafasi ya kitabu, bali linamrudisha mwanafunzi kitabuni. Tena linaepuka kunakili kurasa nzima za kazi yenye hakimiliki, jambo linalomnyima mwandishi haki yake.

Fasihi simulizi nayo inaleta fursa na tahadhari. Ukunda imezungukwa na hazina. Karibu nayo ni Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Na ngoma kama sengenya bado zina wajuzi wake miongoni mwa Wadigo na Waduruma. Mwalimu mwenye simu anaweza kumrekodi mzee akisimulia, na wanafunzi wakaisikia fasihi ikiwa hai badala ya kuisoma kama orodha ya tanzu na sifa zake. Lakini simu haina haya. Yapo yanayosemwa kayani ambayo hayaruhusiwi kutoka nje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka idhini ya jamii yenyewe, na hata kama sheria isingekuwapo, adabu ingetaka vivyo hivyo. Mzee anayesimulia si malighafi. Ni mtunzi mwenza, na jina lake, akiridhia, lina haki ya kutajwa kabla ya la mwalimu.

7. Nani mwenye somo?

Pingamizi kubwa dhidi ya mwalimu mtunzi ni hili: kitabu cha kiada hupitiwa na wahariri, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013 Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ndiyo inayoidhinisha vifaa vya kufundishia, somo la simu halipitiwi na mtu. Kosa la ubaoni hufutwa jioni, bali kosa lililorekodiwa linaweza kusafiri kutoka Ukunda hadi Lodwar na kudumu miaka. Pingamizi hili lina uzito. Mwalimu akieleza vibaya tofauti ya tashbihi na sitiari, maelfu wanaweza kukosea pamoja naye.

Lakini kulijibu kwa kudai kila rekodi ipelekwe Nairobi kupigwa muhuri ni kuuua utunzi wenyewe. Somo la dzina na jina lililotungwa kwa ajili ya wanafunzi arobaini haliwezi kungoja kamati ya taifa, wala kamati hiyo haina budi kujua Chidigo. Kinachohitajika ni uhakiki wa karibu. Walimu wa Kiswahili wa shule tatu au nne za jirani wanaweza kusikilizana kabla ya kutuma, kama vile washairi wa pwani walivyopelekeana tungo zao, wakajibizana na kusahihishana. Vyuo vikuu navyo vina deni. Idara za Kiswahili huwafunza walimu watarajiwa kuhakiki riwaya na shairi. Ni nadra kuwafunza kuhakiki somo lao wenyewe.

Liko pia swali la umiliki. Somo lililowekwa katika mtandao wa kampuni ya kigeni huzungukwa na matangazo ambayo mwalimu hakuyachagua. UNESCO, katika pendekezo lake la mwaka 2019, imezihimiza nchi ziunge mkono vifaa vya elimu vilivyo huria, ambavyo mtu anaweza kuvitumia, kuvirekebisha na kuvisambaza bila malipo. Kwa mwalimu wa Ukunda maana yake ni nyepesi: aandike jina lake juu ya kazi yake, aseme wazi kwamba mwenzake wa Msambweni au Lunga Lunga ana ruhusa ya kuibadilisha, na asirekodi nyuso za watoto bila ridhaa ya wazazi wao, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalisisitiza.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kulitoa somo la kurekodiwa katika mikono ya mafundi na kuliweka mbele ya wahakiki. Imeonekana kwamba utunzi wa mwalimu una mizizi mirefu katika pwani. Kwamba rekodi inarudisha suala la lafudhi lililofichwa na tahajia. Kwamba ukaribu wa Chidigo na Kiswahili unampa mwalimu wa Ukunda mada ambazo mtu wa mbali hawezi kuzitunga. Na kwamba kimya, udogo wa faili na uaminifu kwa kitabu ni sifa za ujumi na za haki kwa pamoja.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na hapo hapo imeitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Mara nyingi madai hayo mawili yametazamwa kama mafahali wawili katika zizi moja. Mwalimu anayeketi jioni katika nyumba yake ya Ukunda, akatamka mudzi, akanyamaza, kisha akatamka mji, ameyatimiza yote mawili kwa pumzi moja. Endapo atafanya hivyo kwa sauti yake mwenyewe, wanafunzi wake watamjua ni nani anayesema nao, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wao kumsikiliza.